Shikamoo ya Njiwa

Zama zile ndege walipokuwa na ghala lao la mtama, Jogoo alilinda mlango, na kila jioni walipotoka kazini alimpekua Kunguru chini ya mbawa, maana weusi wake ulimtia shaka. Hakuwahi kumkuta na hata punje. Njiwa, mweupe pe, alipita tu.

“Ni adabu, mwenzangu,” Njiwa alimwambia Kunguru. “Mimi humwamkia mzee vizuri. Nawe jaribu.”

Kunguru akajaribu. Aliinamisha kichwa, akatoa shikamoo laini kama ya bibi harusi. Jogoo akaitikia marahaba, kisha akamwambia ainue mbawa.

Mtama ukazidi kupungua ghalani, na ndege wote wakawa wanamtazama Kunguru kwa jicho la pembeni. Akaanza kuogopa kufukuzwa.

Siku moja ya baridi Njiwa alijibanza kwenye tanuri la mkaa aote joto, akatoka mweusi tititi. Jioni akafika mlangoni, Kunguru yuko nyuma yake.

“Shikamoo, mzee,” akasema kwa adabu zake zote.

“Marahaba. Inua mbawa.”

“Mzee, ni mimi, Njiwa.”

“Inua.”

Akainua, na mtama ukamwagika mpaka ukafunika makucha ya Jogoo.

Kunguru alishusha pumzi aliyoibana msimu mzima. Zamu yake ilipofika, akainua mbawa kwa mazoea. Jogoo akatazama chini.

“Pita tu, ndugu yangu.”

Kunguru akapita. Alikuwa karibu na kiota chake alipokumbuka kwamba hakumwamkia Jogoo, na wala hakurudi.