Ubao Uliomkataa Mwashi

Siku hizi ubao wa darasani hauwaki mpaka mhadhiri amtaje kila mwanafunzi kama anavyoitwa kwao. Dokta Raya, mzawa wa Pemba, alikwama siku tatu kwa msichana mmoja wa Kisukuma.

"Mwashi."

"Ng'washi, Mwalimu. Mwashi ni fundi wa kujenga."

Siku ya nne ubao ukawaka, darasa zima likapiga vigelegele. Raya alirudi nyumbani akiliimba jina lile, maana ndilo la mumewe pia.

"Ng'washi, njoo tule."

Mume alicheka hadi machozi. "Miaka tisa umeniita Mwashi, na sijajenga hata banda la kuku."

Akamega chapati, akaitazama.

"Kumbe ulikuwa unaweza, mke wangu. Ila hapa nyumbani hapana ubao."