Kitufe cha Kusasisha

Mara tatu Mzee Ngwali alifuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake ili amwandikishe shule, na kila mara karani Rukaya alimrudisha. “Kompyuta imezeeka, babu. Ukurasa wa vyeti haufunguki.”

Siku aliyokuja tena, fundi Tausi, aliyeitwa kutengeneza printa, alikuwa ameinama mbele ya kompyuta ile.

“Dada, hapa panasema kivinjari cha kufungulia kurasa kimepitwa na wakati, bonyeza ukisasishe. Hukuwahi kubonyeza?”

“Huwa naufunga huo ujumbe,” Rukaya alinong’ona. “Naogopa kuharibu.”

Tausi akabonyeza. Kabla chai ya Rukaya mezani haijapoa, ukurasa wa vyeti ukafunguka. Miezi minne alikuwa akiufunga ule ujumbe kila asubuhi, kisha akiwarudisha watu makwao.

Mzee Ngwali akainuka kwenye benchi, kofia mkononi. “Imepona?” alimwuliza Rukaya. “Mungu akulipe, mwanangu. Umehangaika sana kwa ajili yetu.”

Rukaya aliandika jina la mtoto bila kuinua uso. “Shule wanaandikisha mpaka lini?”

“Nafasi zilijaa wiki iliyopita. Si neno, ataanza mwakani. Hata mashine huugua.”

Cheti kikatoka, bado kina joto. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, lakini vidole vya Rukaya havikukiachia.

“Babu,” alisema, “haikuwa mashine.”

Mzee hakusikia vizuri. Akainama, akamsogezea sikio.