Tela Lililokataa Kutoka

Nilivuta futi kutoka madigadi ya kushoto hadi ya kulia, kisha nikapima mlango wa gereji. Tela lilikuwa pana kuliko mlango kwa vidole vinne.

Delmar, mume wangu, ni seremala tangu ujanani. Tela hili dogo la kulala safarini alilitengeneza kwa vitu vya kuokoteza: chesisi ya tela la boti bovu, plaiwudi zilizobaki kanisani, dirisha la banda la kuku. Aliniahidi likiisha tutaenda Montana kwa binti yetu, ambaye Delmar hasemi naye tangu aolewe.

"Basi tena, bibie," alisema akikwepa macho yangu. "Halitoki. Safari imekufa."

"Wewe, mzee mzima, umekosea vipimo?"

"Uzee huo, mke wangu."

Lakini kwenye fremu ya mlango niliona alama yake ya penseli, ya tangu alipoanza kazi, imeanza kufifia: upana kamili wa mlango, umepigiwa mistari miwili chini.

Nikatungua msumeno ukutani, nikauegemeza palepale kwenye alama.

"We mwanamke! Unafanya nini?"

"Nakata mlango. Shika ubao huo, usije ukaniangukia."