Vijisindano vya Kidoleni

Kwa miezi minane Shehoza, muuza nyama, hakuitikia salamu ya shemeji yake, Mwanahamisi. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kikivimba na kuwaka moto, na watu walimwambia amekanyaga kitu alichotegewa mlangoni. Aliyepita pale kila asubuhi ni Mwanahamisi.

Siku alipobebwa hadi hospitali, daktari alivuta maji kidogo kutoka kwenye kiungo cha kidole, akayaweka kwenye hadubini, akamwambia achungulie. Shehoza aliona vijisindano vyembamba vinavyong'aa.

"Nani kavitia humu?" aliuliza kwa hofu.

"Mwili wako mwenyewe, mzee. Seli zikichakaa, mwili huvunjavunja vinasaba vyake, pamoja na vile vya maini unayokula. Mwisho hubaki asidi ya yuriki. Figo zisipoitoa yote, huganda viungoni. Ni ugonjwa wa jongo, na dawa ipo."

"Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Shehoza aliushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili, akashukuru huku machozi yakimtoka. Dawa aliifurahia, lakini maneno yale mawili yalimpunguzia mzigo mkubwa zaidi.

Wiki ya tatu alitembea mwenyewe mpaka kwa Mwanahamisi, akapiga hodi.

"Shemeji, nilikudhania vibaya. Nisamehe."

Mwanahamisi alimtazama usoni, kisha mguuni. Aliinuka, akasogeza kigoda karibu na jiko, akakipangusa kwa pindo la kanga yake.