Balbu ya Bi Hadia

Zama hizo sheria iliagiza kila balbu ijizime pasipo na mtu anayejongea. Basi Bi Hadia, mjane mcha Mungu, kila akirefusha sijda alijikuta gizani.

"Balbu yangu inadhani nimekufa," alimlalamikia Shomvi, muuza taa.

Shomvi akacheka. "Taa yako ina kombe la kioo lililofungwa pande zote, mama? Humo balbu ya kawaida itachemka mpaka iungue. Chukua hii, haichemki, na inasikia pumzi."

"Hata pumzi ya ajuza?"

"Hata ukipumua kwa siri!"

Jioni ile alisujudu akimwombea marehemu mumewe mpaka magoti yakalalamika, na mwanga haukutetereka. Akafurahi kama aliyepata mgeni mwema.

Alfajiri moja ya baridi alijifunika shuka gubigubi, akasema ataswali baadaye kidogo. Adhana ikaisha. Juu yake balbu, aliyoizima usiku kabla ya kulala, ikajiwasha, ikazidi kung'aa, ikazidi, hadi alipotia mguu chini.

"Haya, haya, naamka!" akacheka, akaenda kutawadha.

Ila aliposimama kwenye mswala alishindwa kutia nia, maana hakujua ameamka kwa ajili ya nani.