Kioo Kisichoshika Vumbi

Kilichomshtua binti mfagiaji kwanza ni kwamba kile kioo hakikushika vumbi.

Kila kitu ndani ya maktaba kilikuwa cheupe kwa chokaa: rafu zilizofunikwa maturubai, viti, hata kope za bawabu mzee. Jengo lile la zamani lilikuwa likikarabatiwa huku wasomaji wakiendelea kusoma, kwa hiyo nyundo zilifungwa matambara, na mafundi walitaniana kwa kunong'ona. Lakini kipande kile cha kioo, chembamba kama rula, kiling'aa kila asubuhi kama kimetoka dukani.

Mhandisi ndiye aliyekigandisha, kukatiza ufa kwenye nguzo ya tao, hatua chache kutoka meza za watoto. "Ukuta ukicheza, kitavunjika," aliwaambia mafundi. "Kikivunjika tunafunga jengo siku hiyo hiyo. Kikiwa kizima, watu wasome." Kazi ya kukitazama alimpa fundi mkuu.

Fundi mkuu alikuwa mjomba wa binti aliyefagia pale. Ndiye aliyewapokea yeye na mama yake baba alipofariki, na ndiye aliyemtafutia kazi hii baada ya shule kumshinda njiani. Binti hakuwa msemaji. Mafundi walimwita Bubu, na akipiga chafya walisema, "Leo mvua itanyesha, Bubu katoa hotuba." Siku mjomba alipowaambia kwamba jengo likifungwa wote watarudi nyumbani, binti alilia mbele yake, machozi tu, bila neno.

Sasa kila asubuhi alikuta chini ya nguzo chenga za plasta, na ndani ya chenga vipande vidogo vya kioo. Alivifagia haraka, akavimwaga kwenye ndoo, akaifunika. Ufa ambao zamani ulipitisha ukucha, sasa ulipitisha kidole.

Gundi ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa mjomba. Binti hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Bawabu naye hakuwaacha mafundi wapumue. Siku fundi mmoja alipovunja kioo cha dirisha, mzee alikuja na shada lake la funguo likilia kiunoni, akang'oa vipande vilivyobaki, akapachika kioo kipya hata kabla ya chakula cha mchana.

"Nyie mnavunja, mimi naziba," aliwanong'oneza. "Tangu niajiriwe hapa, hakuna kilichovunjika kikalala. Nikiwaachia nyie, jengo litabaki kizingiti."

"Mzee, tukupe nyundo basi?"

"Nipeni adabu. Nyundo ninayo."

Binti peke yake hakucheka. Alikuwa akiwatazama watoto waliokaa karibu na nguzo, mmoja amelaza shavu juu ya kitabu.

Jioni ile, mama alipotoka kuchota maji, alijikaza.

"Mjomba. Kile kioo... hakina vumbi."

Mjomba aliacha tonge mkononi. Alimtazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayetazama jeraha la mwenzake.

"Nimeona, mama," alisema. "Nimeona tangu zamani. Wakikuuliza, wewe hujui kitu. Umenisikia? Hujui kitu."

"Ndiyo, mjomba."

"Damu nzito kuliko maji. Tule."

Walikula. Angemsemaje aliyemfuta machozi? Na asiposema, ukuta ule ungemwangukia nani? Alilala na maneno kooni, akaamka nayo, akaenda nayo kazini. Mara mbili alimfuata mhandisi hadi kwenye ngazi, na mara zote mbili alipoulizwa, "Unasemaje, binti?" alijibu, "Nafagia tu."

Kisha mhandisi akaja kukagua. Aligonga kioo kwa kalamu, akatabasamu.

"Kizima. Nguzo imetulia. Kesho wanafunzi wote wa shule ya jirani waje, tuwakalishe hapahapa chini ya tao."

Binti alimtazama mjomba. Mjomba alitazama viatu vyake.

Asubuhi watoto waliingia kwa mstari, vidole midomoni kama walivyofundishwa, wakajaza meza zote. Binti alikuwa ameegemea fagio lake, mjomba alipomwendea mhandisi mlangoni na kuvua kofia.

"Mhandisi, watoe hao watoto. Kioo hakijawahi kukaa kizima. Nilikuwa nakibadilisha mimi."

Mhandisi alimsukuma kando, akakimbilia kwenye nguzo, mjomba na binti nyuma yake. Chini ya tao wakamkuta bawabu amepiga magoti, gundi vidoleni, kipande kipya cha kioo mkononi.

"Pisheni kidogo, nagandisha," alisema mzee kwa kunong'ona, asiwasumbue watoto. "Hiki ni cha tatu tangu nifungue mlango. Vioo vya siku hizi vyepesi mno."

Mjomba alimgeukia binti polepole, kofia ikiwa bado mkononi.

"Kumbe si wewe?"

Watoto waliinua vichwa. Hakuna aliyewahi kumsikia binti yule akipaza sauti mle ndani, na sasa sauti yake ilifika hadi mlangoni.

"Mjomba, mimi nilidhani ni wewe."