Jumatatu za Mba

"Tulia mzee wangu, usitikise kichwa."

Bwana Unga akatulia. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa stoo ya vipuri, kwa sababu ya mba zilizomwagika mabegani mwake mchana kutwa. Alikaa kwenye stuli ya kliniki, kitambaa cheusi mabegani, na nesi akampasua nywele mstari kwa mstari, akikwangua taratibu kwa ncha za vidole. Hakuvaa glavu. Glavu zina poda, alieleza siku ya kwanza, na poda humdanganya mpimaji.

Lilikuwa jaribio la shampuu ya dawa, na washiriki walikuwa wanaume tu. Kila Jumatatu walirudisha chupa tupu, wakakaguliwa kichwa, wakapewa chupa nyingine. Wengi walikuja wakinung'unika. Bwana Unga alifika kabla mlango haujafunguliwa, shati limepigwa pasi, roho mkononi.

"Zimepungua?" aliuliza.

Nesi akashusha pumzi. "Wapi! Ni zile zile. Mzee, dawa unaitumia kweli?"

"Mwanangu, bafu langu linanuka lami kama barabara mpya. Muulize jirani, ameshalalamika."

Hapo hakusema uongo. Dawa ile ilinuka lami, na chupa zake zilirudi zimekauka kabisa.

Dereva wa lori aliyekuwa akingoja zamu yake akaangua kicheko. "Kichwa sugu hicho! Mimi wiki ya pili tu nilishatakata kama sahani."

Bwana Unga akacheka naye, cheko la meno tu. Nyumbani kwake hakukuwa na wa kumcheka. Zamani mkewe alikuwa akimkuna kichwa jioni, huku akimsema kwamba amegeuza mito kuwa magunia ya unga. Tangu afariki, walibaki yeye na redio. Watoto walipiga simu, wakauliza hali, wakakata. Upweke wake hakuwa na wa kumwambia.

Nesi alimaliza kisogoni, akakunja kitambaa. Bwana Unga akanyoosha mkono apokee chupa, lakini nesi hakwenda kabatini.

"Leo sikupi, mzee wangu. Daktari ameamua. Ambao dawa imewakataa tunawatoa. Hakuna faida ya kukusumbua."

"Hunisumbui." Alisimama, akakaa tena. "Nipe moja tu, mwanangu. Wiki moja. Usinitoe."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na hakujali kwamba dereva alikuwa akimtazama. Alimshika nesi mkono. Nesi akamwachia kidogo, kisha akauchomoa polepole, akaupangusa kwa pamba yenye spiriti.

"Pole, baba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Utapata dawa nyingine." Akamgeukia dereva. "Wewe njoo ukae. Waliopona mtaendelea kuja kila Jumatatu, mwaka mzima, niwakague kama zitarudi."

"Mwaka mzima!" dereva akaruka. "Dada, mimi mtu wa safari! Kichwa kimeshapona, unatafuta nini tena humo?"

"Ndiyo utaratibu. Kaa."

Bwana Unga alisimama mlangoni, akaviona vidole vikizama katika nywele za dereva, naye dereva anatazama saa. Akatoka bila kuaga.

Alipofika nyumbani hakuwasha redio. Alivua shati, akalitundika, akaingia bafuni. Harufu ya lami ilikuwa bado nzito. Akachuchumaa, akachungulia tundu la maji machafu, pale alipokuwa akimimina chupa nzima kila Jumatatu jioni, asijipake hata tone.

Tundu lilikuwa limetakata, linang'aa kama sahani.